Fujifilm X100V Unguja: Tathmini ya Kamera kwa Mpiga Picha wa Maisha ya Kila Siku

Kamera ya Fujifilm X100V, iliyotoka mwaka 2020, ina lenzi moja tu, isiyobadilishwa wala kuvuta kilicho mbali, na kwa mtu anayekwenda Unguja kupiga picha za watu wakiwa katika shughuli zao, mimi naihesabu hali hiyo kuwa sifa yake kubwa kuliko zote. Nasema hivyo nikijua kwamba wasafiri wengi hushuka kwenye boti wakiwa na lenzi ndefu, wakitumaini kuzinasa nyuso za wauza samaki na wakulima wa mwani kutoka upande wa pili wa barabara. Picha za namna hiyo nimeziona nyingi, na kasoro yao ni ileile: anayepigwa ama hana habari, ama amebaini na amechukia, na vyote viwili huonekana wazi kwa anayejua kutazama uso.

Lenzi ya X100V ina urefu wa milimita 23, ambao kwa ukubwa wa kihisi chake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, unatoa mandhari sawa na ya lenzi ya milimita 35 katika kamera za zamani za filamu. Inafunguka hadi f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga huingia mwingi), kihisi kina megapikseli 26, na kamera nzima, pamoja na betri na kadi, ina uzito wa gramu 478. Maana ya hesabu hizi barabarani ni kwamba ukitaka uso na mikono ya mtu vijae katika picha, huna budi kusimama hatua mbili kutoka kwake, na katika umbali huo, kwa desturi za Unguja, huwezi kuwa hujamsalimu. Salamu za Wazanzibari hazina haraka: huulizwa hali, zikaulizwa habari za nyumbani, zikaulizwa za ulikotoka, na sisi wa bara tuliozoea kurushiana neno moja na kupita hatuna budi kutulia. Kamera inayokulazimisha usogee inakulazimisha pia upitie yote hayo kwanza, na mtu aliyekwisha kuzungumza nawe hukaa mbele ya lenzi kwa namna tofauti kabisa.

Mahali pazuri pa kuthibitisha hayo ni Jaws Corner, ile njia panda ya Mji Mkongwe ambapo wazee na vijana hukaa barazani wakinywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, huku dhumna zikigongwa mezani na siasa ikijadiliwa kwa sauti. Anayefika pale na kamera kubwa iliyokwisha kuinuliwa huwafanya watu wanyamaze au wageuze nyuso, wakati anayeketi, akanunua kahawa, akasikiliza, kisha akaomba ruhusa, hupata zaidi ya alichoomba. X100V inafaa hapo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbo lake: inafanana na kamera za filamu ambazo wazee wanazikumbuka, na mara nyingi ndiyo inayoanzisha mazungumzo. Ya pili ni utulivu wake, kwa kuwa mlango wake wa mwanga (shutter), unaofunguka na kufunga picha inapopigwa, umo ndani ya lenzi yenyewe na mlio wake ni mdogo kiasi kwamba, mkishapatana, unaweza kuendelea kupiga bila kukatiza mchezo wala hoja ya mtu.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo milango yake ya nakshi imepigwa picha kiasi ambacho sioni kama mgeni ana cha kuongeza. Mimi namtaka msafiri amtazame aliyekaa mbele ya mlango. Shida ya vichochoro vile ni mwanga: juu ukuta unawaka jua, chini pana kivuli kizito, na katika kivuli hicho amekaa mzee mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe. Kamera yoyote ikiachiwa ipime mwanga yenyewe hapo itaukubali weupe wa kanzu au wa ukuta, na uso utazama gizani. X100V ina gurudumu la kurekebisha mwanga juu ya bega lake la kulia, ambalo kidole gumba hulifikia bila jicho kuondoka katika kitundu cha kutazamia, na hiki ni kitu kidogo chenye thamani kubwa. Pimia uso, usipimie kanzu. Kisha tumia mpangilio wa kulinda sehemu angavu, ule unaoandikwa DR400, ukijua kwamba utailazimisha kamera ianzie ISO 640 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Weupe ukipungua maelezo kidogo si hasara kubwa. Uso wa mtu ukipotea, picha nayo imekwisha.

Katika soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, tatizo hugeuka. Upande wa samaki ni wa kivuli, sakafu imelowa, watu wanapishana mabega, na mnada unakwenda kwa kasi ya dalali. Hapo f/2 inasaidia, na ISO 3200 hutoa picha safi ya kutosha kuchapishwa kwa ukubwa wa ukurasa. Hata hivyo, nashauri lenzi isiachwe wazi kabisa muda wote. Mnada ni habari ya watu wengi kwa pamoja: mwenye pweza, mwenye fedha, dalali aliyenyoosha mkono, na mtoto anayetazama, ukimwacha mmoja tu awe wazi na wengine wote wawe ukungu, umepiga picha ya mtu mmoja na soko umeliacha nje.

Jaribio gumu zaidi liko pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa wanawake wanaolima mwani. Vitabu vingi vya upigaji picha humwambia msafiri angoje mwanga laini wa alfajiri au wa magharibi, na ushauri huo hauna msaada mahali hapa, kwa sababu saa ya kazi haipangwi na jua, inapangwa na bahari. Kazi kubwa ya mwani hufanyika wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hupwa mbali kabisa, na katika siku hizo maji ya kupwa ya mchana huangukia karibu na saa nne asubuhi. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Saa nne jua limekwisha kuwa kali, linapiga juu ya mchanga mweupe na maji ya kina cha goti, na mwanga unatoka juu na chini kwa pamoja. Anayetaka picha za mwani na anachagua mwanga laini atapiga picha za vijiti na kamba tupu.

Ndani ya X100V kuna kichujio cha kupunguza mwanga ambacho huwashwa kwa kifungo na kukata nuru hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kwa kazi hii sijaona kifaa kingine kilichokaa mahali pake hivyo. Kinaruhusu lenzi ifunguliwe hata katika jua la saa nne, au mlango wa mwanga upunguzwe kasi ili maji yanayozunguka miguu ya mkulima yaonekane yakitembea huku mikono yake inayofunga mbegu kambani ikibaki imetulia. Mwanga unaorudi kutoka kwenye mchanga nao una faida yake, kwa maana huingia chini ya ukingo wa mtandio na kuangaza uso ambao jua la utosini lingeuficha. Na hapo pia ruhusa hutangulia. Bibi mmoja wa Jambiani, nilipomwamkia na kumwomba, alinijibu, “Marahaba mwanangu. Nipige mikono, uso wacha.” Nilipiga mikono, na naiona kuwa miongoni mwa picha bora nilizorudi nazo, kwa sababu chumvi, kamba na miaka ya kazi vyote vimo katika vidole vile.

Kuhusu rangi, kamera hii inasifiwa sana kwa mitindo yake inayoiga filamu za zamani, na hasa ule uitwao Classic Chrome, ambao hupooza rangi na kuipa picha sura ya jarida la zamani. Kwa Unguja siupendekezi. Kanga huchaguliwa kwa rangi zake na kwa jina lake, na kupooza wekundu au manjano aliyoyachagua mwenyewe ni kumvika mtu nguo asiyoivaa. Mtindo wa kawaida wa Provia, au Astia kwa nyuso zilizo kivulini, hutenda haki zaidi. Megapikseli 26 zinatosha kabisa kusoma jina la kanga hata mvaaji akiwa hatua kadhaa mbele. Hakikisha tu hulikati wakati wa kupanga picha.

Wapo watakaouliza kwa nini simu isitoshe. Kwa ubora wa picha za mchana, simu nzuri zinatosha. Ninachokiona ni kwamba simu siku hizi huleta wasiwasi wa mitandaoni: mtu akiiona imeelekezwa kwake anajua kwamba sura yake inaweza kuwa imefika kwa maelfu kabla hajamaliza kupima mbatata, na ombi la “usinitie mtandaoni” nimelisikia zaidi ya mara moja. Kamera haiondoi jukumu hilo, bali inatoa nafasi ya kulizungumza, kumwonyesha mtu picha kwenye kioo na kuifuta akikataa. Wazanzibari si wageni wa picha. Capital Art Studio ya Shangani ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na vizazi vimeingia studio za mji ule vikiwa vimevaa nguo zao bora, vikakaa vinavyotaka kuonekana. Anayempiga mjukuu wao akiwa na jasho la kazi anapaswa kukumbuka mazoea hayo, na akiweza achapishe picha kabla ya kuondoka kisiwani ampelekee mwenyewe.

Kuhusu uimara, kamera huzuia vumbi na matone iwapo tu umeweka mbele ya lenzi pete ya kuunganishia na kichujio cha kinga cha milimita 49, vinavyouzwa kando. Kwa kisiwa chenye upepo wa chumvi wakati wa kaskazi na wa kusi, navihesabu vitu hivyo kuwa sehemu ya bei. Usiitoe kamera nje ghafla kutoka chumba chenye kiyoyozi. Iache ndani ya mfuko ipate joto taratibu, la sivyo kioo kitafunikwa na ukungu. Betri moja haitoshi kwa siku yenye soko asubuhi na bustani ya Forodhani jioni, ingawa inaweza kuchajiwa kwa waya wa USB-C, hata kwa chaja ya mkononi ndani ya daladala ya kwenda Makunduchi.

Haifai kwa kila kitu. Ngalawa iliyo nje ya mwamba itaonekana nukta, na vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani huhitaji kamera yenye fokasi nyepesi zaidi, au subira ya kulenga mapema mahali watakapopita. Haina kitulizaji cha mtikisiko. Hicho kimewekwa katika X100VI ya mwaka 2024, yenye megapikseli 40, gramu 521 na iliyoanza kuuzwa kwa dola 1,599 za Marekani. X100V ilianza kwa dola 1,399, kisha umaarufu wa mitandaoni ukaifanya iadimike na bei za mkononi zikapita za dukani. Kwa kuwa mrithi wake yupo sokoni, sioni sababu ya kulipia iliyotumika zaidi ya bei yake ya awali. Ukiinunua mkononi, iwashe mbele ya muuzaji, washa na uzime kichujio cha mwanga uone kama picha inabadilika, piga ukuta mweupe kwa f/16, kisha ukuze picha utafute madoa: lenzi hii haivuliwi, na vumbi lililokwisha kuingia ndani haliondoki bila fundi kuifungua kamera.