Nimezimiwa umeme Dubai

Nilidhani nikishatua Dar hasira zitapoa. Hazijapoa, na leo zimepanda upya. Kwa hiyo anayetaka kujua ukumbi wa yale maonyesho ya vipimo vya maabara ulikuwa na mita ngapi za mraba au walikuja watu wa nchi ngapi, aende kwenye tovuti ya waandaaji, yote yako huko na picha zake nzuri. Mimi naandika kuhusu swichi.

Kampuni yetu ni ya watu watatu. Tunanunua antisera ya jumla, yaani yale maji ya kupimia kundi la damu, tunaipima, tunaijaza kwenye vichupa vya mililita 10 na kuiuzia maabara: anti-A ya bluu, anti-B ya njano, anti-D isiyo na rangi. Aliyewahi kupimwa kundi la damu pale zahanati atakuwa ameviona vichupa hivyo. Mimi mwenyewe ni mtu wa maabara, miaka mingi nimeinamia darubini, na vitendanishi hivi vinakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Si 12. Si "baridi baridi hivi". Anti-A ikichoka inaweza kumsoma mtu wa kundi A kuwa O, damu yake ikabandikwa lebo ya O, kisha akatundikiwa mgonjwa wa kundi O. Kinachofuata hapo msinisemeshe.

Ndiyo maana bango la banda letu lilikuwa na maneno machache tu, kwa Kiingereza na Kiarabu: baridi kutoka kwetu mpaka kwa mgonjwa. Na juu ya friji letu dogo tukaweka kile kidude kinachorekodi joto saa zote, kioo chake tumekigeuzia wageni ili kila anayepita asome mwenyewe. Wazo la kukigeuza lilikuwa langu. Nililionea fahari sana.

Viza, forodha, hoteli, hayo nayapita, yana karaha zake za kawaida. Banda lilikuwa mita tatu kwa tatu, kuta nyeupe, meza moja, viti viwili, na zulia la kijivu ambalo tuliwekea amana, unarudishiwa ukikabidhi banda safi. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Alikuja mama mmoja wa manunuzi kutoka kundi kubwa la maabara za huko Ghuba, akauliza maswali ya mtu anayejua kazi, akachukua kadi yangu, akasema kesho saa nne atarudi tuzungumze kwa kutulia. Jioni tukapanda metro kurudi Deira, na kijana wangu wa mauzo akanionyesha Burj Khalifa kwa mbali, mita 828, linawaka taa kutoka miguuni hadi utosini. Nikamwambia, "Hawa watu hawajui mgao ni kitu gani."

Asubuhi nilipoingia bandani nikakanyaga maji.

Barafu ya friji ilikuwa imeyeyuka usiku ikavujia zuliani. Friji lenyewe lilikuwa limeshaanza kunguruma tena, kama mtoto aliyevunja kikombe akakimbilia kujifanya amelala. Na kile kidude changu cha fahari kilikuwa kinasoma 23, alama nyekundu inawaka, na mchoro wake unapanda mlima kuanzia saa moja ya jioni mpaka alfajiri. Ungedhani kimechorwa makusudi kuniumbua. Kabla sijapata hata kitambaa cha kukaushia, saa nne ikafika, na yule mama naye akafika. Watu wa namna hiyo hawachelewi! Akainama, akasoma kidude, akasoma bango, akanitabasamia kwa upole kabisa. Alipoondoka nikakuta kadi yangu ya jana ameiacha juu ya meza.

Nikaenda kaunta ya huduma. Kampuni inayoshughulika na umeme wa mabanda sitaitaja jina. Kaunta ile alikaa kijana mwenye tai, simu mkononi. Nikamweleza taratibu, kwa adabu, nilivyolelewa. Hakuinua macho. Akasema, "Ukurasa wa 41."

Nikamuuliza ukurasa wa 41 wa nini.

"Wa mwongozo. Umeme wa kawaida unazimwa usiku. Anayetaka wa saa 24 anauagiza."

Nikamwambia nina vitendanishi vimeharibika na mteja amekimbia. Hapo ndipo akainua macho, si kwangu, kwa mtu aliyesimama nyuma yangu. "Anayefuata."

Umri wangu ule, jamani. Nimemaliza kulea wenye umri kama wake.

Sasa kila ninapolisimulia hili kuna mjuaji ananiuliza, kwani hukusoma? Haya. Usiku ule hotelini nikaufungua mwongozo kwenye simu. Ukurasa wa 41 upo, maandishi madogo kama ya mkataba wa bima. Na kwenye fomu kuna visanduku viwili vya umeme, na tiki iko kwenye kile cha bei nafuu, na tiki hiyo ni yangu, kwa mkono wangu. Cha saa 24 bei yake ilikaribia nauli yangu ya ndege, na ukiagizia pale pale ukumbini wanakuongezea ya kuchelewa. Kwa hiyo kwa maandishi yule kijana hana kosa. Kwa maandishi! Lakini haya yalikuwa maonyesho ya vipimo vya maabara, si ya vitenge na masufuria. Waliojaa humo ni watu wenye vitu vya kukaa baridi. Mtu anajaza fomu moja hiyo hiyo, mstari wa juu anaandika vitendanishi, mstari wa chini anaandika friji, halafu anatia tiki umeme wa mchana, na hakuna hata mmoja wa kumwandikia, "Mama, una uhakika?" Pale Sabasaba, Barabara ya Kilwa, fundi wa banda la jirani angenishtua bila kuulizwa. Angenidai soda, sikatai, ila angenishtua.

Aliyenisaidia ni mlinzi wa mlangoni, Mkenya, aliyetusikia tukigombana wenyewe kwa wenyewe kwa Kiswahili. "Pole, mama. Stima hapa huzimwa watu wakishatoka. Huwa lazima kuwe na mtu analia asubuhi. Muone yule mzee wa mafriji, yeye ako na laini ya usiku."

Mzee wa mafriji alikuwa banda la pili kutoka letu, Muomani wa Maskati, anauza majokofu ya maabara yenye milango ya vioo. Nikaanza kumbabaishia Kiingereza. Akaniacha nimalize, kisha akanijibu kwa Kiunguja safi kuliko changu. Bibi yake kazaliwa Unguja, na nyumbani kwao lugha haikutoka. Akafungua friji la maonyesho, taa zinawaka, ndani hamna kitu. "Weka, mwanangu. Haya yanapoza hewa tu." Tulikuwa na boksi la akiba hotelini, limepangwa na barafu, maana mazoea ya maabara hayamtoki mtu, kijana akalifuata kwa teksi. Vile vichupa vya usiku ule nikavitenga vyote, havikurudi mezani.

Mzee akanichekesha. Aliponisikia nikisema nimekatiwa umeme akanisahihisha: "Hukukatiwa, bibie. Umezimiwa. Kukatiwa ni bahati mbaya, kuzimiwa ni ankara." Hatukujua wakati ule anasema kweli kiasi gani.

Siku mbili zilizobaki nilifanyia biashara kwenye friji la watu, na hapa ndipo hukumu yangu inapoanza kuyumba. Vile vichupa, bluu, njano na cheupe, nyuma ya kioo chenye taa, vilipendeza kuliko bandani kwangu. Watu walisimama. Wa Imarati wenyewe hawakuweza kununua hata wangetaka, kwa sababu kule lazima uwe na wakala wa nchini na usajili, na hilo si jambo la kumalizwa mezani. Kwa kweli ningelijua hilo vizuri mapema nisingechoma pesa ya banda. Lakini alikuja baba mmoja wa Lubumbashi, amevaa suti ya maana. "Mama, hii dawa iko bei gani?" Tukaelewana ndani ya robo saa. Mzigo wake wa kwanza umeshapita Tunduma na Kasumbalesa. Na mnajua stoo yake ya Dar iko wapi? Kariakoo. Nimepanda ndege, nimelala Deira, nimezimiwa umeme, nikaenda kukutana na jirani.

Kwa hiyo nikaanza kulainika. Nikasema labda nirudi, ila bila banda, nitembee tu na kadi na viatu vya raba. Halafu nikasema hapana, banda lina heshima yake, mtu hawezi kukusimamisha koridoni ukampa oda. Nikasema pia yule kijana wa kaunta pengine siku hiyo nilikuwa wa hamsini kumlilia, na mshahara wake hautoki kwa kunihurumia. Juzi nilipokuwa naandika rasimu nilikuwa nimefika nyota tatu, karibu nne. Nilikuwa nimeandika kabisa kwamba kosa ni langu na ushauri ni mmoja, tia tiki kisanduku cha saa 24 hata ukilazimika kukopa.

Leo asubuhi imeingia barua pepe ya amana. Wamekata. Si kidogo. Nimeisoma mara mbili nikadhani ni ya mtu mwingine. Sababu iliyoandikwa: zulia limekutwa na alama ya maji, upande wa friji.

Maji ya friji walilolizima wao.

Nyota moja. Na hiyo ni ya mlinzi.