Programu ya kusaka ulinganisho katika Kichina: uzoefu wangu Lubumbashi

Nauza batri za solari soko la Kenya, hapa Lubumbashi (Kenya yetu ni mtaa, si ile nchi). Kichina nilikiokota nikiwa mkalimani kwenye migodi ya shaba, kwa hiyo maoni ya wanunuzi wa kule China nayasoma, ila polepole. Kabla ya kuagiza mzigo utakaotoka Dar es Salaam, upite Zambia, uje ukwame mpakani Kasumbalesa, nataka kujua jambo moja: batri ipi inapita ipi. Ndipo nikaanza kulipia programu inayopitia maoni na kutia rangi kila sentensi yenye ulinganisho.

Kwenye sentensi nyepesi haina mchezo. Neno lao kubwa ni bǐ, 比, nalo linafanya kazi ya "kupita" letu tunaposema "hii iko muzuri kupita ile". Sifa yenyewe haibadiliki umbo, basi mashine inaling'ang'ania hilo 比. Lakini Wachina hawaachi nafasi kati ya maneno, na 比 hiyo hiyo imo ndani ya 比如, yaani "kwa mfano", na 比赛, "mashindano". Wiki ya kwanza ikanitilia rangi maneno ya mtu anayesimulia alivyotazama mechi umeme ulipokatika. Nilicheka, nikaendelea.

Ya 没有 haikunichekesha. Likisimama peke yake, méiyǒu ni "hakuna". Ila 这款电池没有上一款耐用 maana yake batri hii haidumu kama ya toleo lililopita. 比 haimo, programu ikairuka, na si mara moja. Malalamiko hayo niliyakuta usiku, nikisoma kwa macho yangu, pesa nimeshatuma. Mzigo ulipofika mteja akaniuliza, "Yaya (kwetu ni kaka au dada mkubwa), hii inashinda ile ya zamani?" Nikajifanya natafuta chenji.

Halafu kuna 不比. A 不比 B 好 inasema tu kwamba A haimpiti B, huenda wanalingana. Programu inampa B ushindi papo hapo.

Bado nailipia. Maoni mia tano ikiyachuja yakabaki arobaini, hayo nayamaliza kwa kikombe kimoja cha chai, kisha nasaka 没有 na 不如 ("haifikii") mwenyewe kwenye yale iliyoyatupa. Safu yake ya "mshindi" nimeifunga.