Kamera ya Kuchungulia Injini: Ipi Inunuliwe na Fundi wa Mbeya, Ipi Iachwe Dukani

Lori likipanda mlima Kitonga na mzigo kamili, likafika Mbeya linatoa moshi mweupe na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovujia, mwenye mali ana swali moja tu: tunafungua injini au hatufungui? Kushusha silinda hedi ni kazi kubwa, gasketi mpya, na mara nyingi mabishano ya bei. Kamera nyembamba inayopita kwenye tundu la nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, inaweza kutoa jibu kabla hujalegeza bolti hata moja ya hedi. Silinda iliyokuwa inaingiza maji utaitambua haraka: pistoni yake inakuwa safi, imeng'aa, wakati za jirani zina masizi meusi. Ule mvuke ndio umeiosha.

Shida ni kwamba madukani kuanzia Mwanjelwa hadi Kariakoo kamera hizi zimejaa za kila aina, na maboksi yote yanaimba wimbo mmoja. Nimezipanga kwa kuangalia kazi za huku kwetu: malori ya njia ya Zambia, Noah na Hiace, pawatila za Mbarali, mashine za kukoboa. Anayezibua mabomba nitamgusa kwa ufupi.

Angalia kichwa kwanza

Kamera hizi ni uzao wa vifaa vya hospitali. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha endoskopu laini ya tumbo, yaani kifaa cha kuchungulia ndani ya mwili, iliyopitisha picha kwenye nyuzi nyingi za kioo hadi kwenye jicho la daktari. Mwaka 1983 kampuni ya Welch Allyn ikaleta endoskopu ya video: sensa ya CCD (sensa ni kile kipande kinachonasa picha), aina iliyobuniwa 1969 na Willard Boyle na George Smith kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, ikawekwa kwenye ncha yenyewe, na picha ikaanza kusafiri kwa waya. Miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL ya NASA, shirika la anga la Marekani, wakaendeleza sensa za aina nyingine, CMOS, zinazokula umeme kidogo na kutengenezwa kwa bei nafuu. Hiyo ndiyo iliyofanya kifaa cha daktari bingwa kiweze kuuzwa leo kwenye duka la spea.

Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba ubora wote umekaa kwenye ncha, na ncha nyembamba haina nafasi ya sensa kubwa. Sensa ya OV6948 ya kampuni ya OmniVision, iliyoingia kwenye rekodi za Guinness mwaka 2019 kwa udogo wake, ina upana wa milimita 0.575 na pikseli 40,000 tu. Sasa muuzaji akikwambia, "Mjomba, hii ya milimita 3.9 ni megapikseli nane," mwache amalize, halafu omba kuijaribu. Piga picha ya gazeti kwa umbali wa sentimita 5 hivi. Maandishi madogo yakisomeka, kamera inafaa. Fungua pia maelezo ya picha kwenye simu: ukikuta 640 kwa 480, hizo ni megapikseli 0.3, hata boksi liseme nini. Ukikuta namba kubwa lakini gazeti halisomeki, ujue programu imeivuta tu picha iwe kubwa.

Unene wa kichwa nauweka mbele ya pikseli. Tundu la ncha ya nozeli kwenye injini nyingi za dizeli za komon reli, zile ambazo nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha, ni milimita 7 hivi. Kamera ya milimita 8 itabaki nje inapiga hodi. Ya 5.5 inapita. Injini za petroli hazisumbui, maana plagi zake nyingi zina uzi wa milimita 14 au 12, kwa hiyo hata ya 8 inaingia. Kwenye tundu la hita plagi, ile inayopasha silinda ya dizeli wakati wa kuwasha, mambo yanabana zaidi, na hapo ndipo ile ya 3.9 inapata kazi.

Ya kwanza: yenye kioo chake na lenzi mbili

Kwa gereji ya kawaida, nunua kamera ya milimita 5.5 yenye kioo chake cha kuonyesha picha mkononi, memori kadi, na lenzi mbili, moja ikitazama mbele na nyingine pembeni. Ukutani kwa silinda ndiko kwenye habari. Mistari ya kukatizana iliyoachwa kiwandani ikiwa bado inaonekana, laina, yaani ukuta huo wa ndani, ina uhai. Mikwaruzo ya kutoka juu kwenda chini inakupeleka kwenye ringi. Lenzi ya mbele pekee itakuonyesha kichwa cha pistoni na kukunyima hayo mengine.

Zile za lenzi moja huja na kioo kidogo cha kuakisi, cha kuchomeka kwenye ncha ili ione pembeni. Sizipendi. Kile kioo kikichomoka ndani ya silinda, umegeuza uchunguzi kuwa oveholi. Kama ndicho ulicho nacho, kifunge kwa uzi imara na ukivute kwa nguvu kabla hakijaingia.

Bei yake inaweza kukaribia ya simu ya kawaida ya Android, lakini haikuombi simu yako. Simu inapoita katikati ya kazi, mikono ina oili na mteja amesimama nyuma yako anataka kuona, utaelewa thamani yake. Hakikisha mwanga wa taa unapunguzika, kwa sababu pistoni ya alumini inarudisha mwanga hadi picha nzima inakuwa nyeupe. Na waya uwe ule mgumu kiasi, unaobaki vilevile ulivyoupinda. Mita moja hadi tatu inatosha.

Ya pili: ya kuchomeka kwenye simu

Hii ndiyo ya kuanzia. Bei yake ni ndogo kuliko betri ya lori kwa mbali sana, na picha yake inaweza kulingana na ya kamera ghali kwa sababu sensa ni za daraja lilelile. Inahitaji simu inayokubali OTG, yaani kuchomekewa kifaa kingine kwenye tundu la chaji, na kwenye baadhi ya simu lazima uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Nenda dukani na simu utakayoitumia, usikubali kuonyeshwa kwenye simu ya muuzaji. Mwenye iPhone asilipe kabla hajaona picha kwenye kioo chake.

Fundi bomba, hii inakuhusu, ila usidanganyike na waya wa mita 15. Kiwango cha USB 2.0 kinaishia mita 5. Zaidi ya hapo waya unahitaji kikuza mawimbi ndani yake, na wa bei rahisi picha inaanza kukatika.

Ya tatu: yenye kichwa kinachopinda

Kwa uwezo, hii inazishinda zote. Unazungusha gurudumu mkononi, ncha inageuka na kutazama juu, unaona sura ya valvu na mahali inapokalia. Imerithi ufundi uleule wa nyaya za kuvuta ncha ulio kwenye endoskopu za tumbo. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu ncha hiyo ndiyo inayovunjika mapema. Inarudishwa ikiwa imenyooka, siku zote; anayeichomoa ikiwa imepinda ameinunua mara mbili. Gereji inayopokea malori kila siku, au anayeingiza injini za mtumba na kuzikagua kabla ya kulipa, kwake iwe ya kwanza.

Ya nne: ya Wi-Fi

Inavutia dukani, inakera kazini. Simu inajiunga na mtandao wa kamera, inagundua hauna intaneti, inarudi kwenye data yake, picha inapotea. Picha pia inachelewa: umeshasukuma waya, kioo bado kinaonyesha ulikotoka. Juu ya hayo kuna betri nyingine ya kuchaji, na programu inayopakuliwa kwa kuskani karatasi iliyomo kwenye boksi, hujui imetoka wapi.

Ya kuacha kabisa ni endoskopu ya zamani ya nyuzi za kioo, iliyotoka hospitali. Kila nukta nyeusi utakayoiona ndani ni uzi uliokatika, na haurudi.

Baridi yetu, na mambo mengine

Juni na Julai asubuhi, ukiitoa kamera kwenye boksi la baridi na kuiingiza kwenye injini yenye joto, lenzi inafunga ukungu papo hapo. Chumba cha upasuaji kina tatizo hilohilo, na dawa yao moja ni kupasha lenzi kwenye maji moto kabla ya kuiingiza. Fanya hivyo kwa maji vuguvugu, uifute, au washa taa zake dakika chache zipashe kichwa. Lakini usikimbilie injini iliyozimwa sasa hivi. Maji yake yanazunguka kwenye nyuzi joto 90 hivi, na kamera nyingi za bei hii hazijatengenezwa kuhimili hayo.

Alama ya IP67 inamaanisha kuzama maji ya mita moja kwa dakika 30, na ni kichwa na waya tu, mpini haumo. Dizeli haimo pia, kwa hiyo futa kila ukimaliza.

Na kamera hizi hazitazami sikio la mtoto wala koo la mtu yeyote. Hazitakasiki kama vifaa vya tiba, na vya tiba vina utaratibu wake wa usajili TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Ukiagiza Kariakoo ije kwa basi, mwambie muuzaji akurekodie video ya gazeti kwa kamera ileile atakayoifunga, kioo kikionekana na namba ya boksi ikisomeka, ndipo utume hela.