i7 ya Zamani au i3 ya Sasa? Prosesa za Laptopu Kuanzia ya Kununua Hadi ya Kuacha

Mdogo wangu alikuwa anatafuta laptopu ya chuo, akanitumia picha za mbili alizozipenda. Ya kwanza ina mwili wa chuma, kibodi imara, na stika ya i7 inang'aa pembeni. Ya pili ni ya plastiki, imeandikwa i3. Bei zinakaribiana. "Kaka, si i7 ndiyo kubwa?" akauliza. Nikamwomba apige picha jina zima la prosesa, yaani ubongo wa laptopu, siyo stika. Jibu likaja: ya kwanza i7-2620M, ya pili i3-1215U.

Nikamwambia achukue i3. Alikataa, akanuna siku nzima. Namwelewa, kwa sababu hiyo i7-2620M niliishi nayo miaka mingi na niliipenda kweli. Lakini kupenda mashine hakuifanyi iwe na mbio, na mtu anayetoa pesa zake leo anastahili kujua anachonunua.

Namba iliyo nyuma ya stika

i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja. Wa kwanza wa darasa la pili hashindani hesabu na wa mwisho wa darasa la saba. Kinachokwambia uko darasa gani ni namba inayofuata baada ya kistari. i7-2620M inaanza na 2, yaani kizazi cha pili, mwaka 2011. i5-8250U ni kizazi cha 8, mwaka 2017. i3-1215U inaanza na 12, kizazi cha 12, mwaka 2022. Tangu mwisho wa 2023 Intel, watengenezaji wake, wameanza kuziita nyingi za mpya Core Ultra, lakini sehemu kubwa ya laptopu zilizotumika bado zinabeba majina ya mtindo wa zamani, kwa hiyo ujuzi huu utakusaidia kwa muda.

Sasa tuje kwenye GHz, maana hapa ndipo wauzaji wanapowamaliza watu. i7-2620M inapanda hadi 3.4 GHz, i3-1215U hadi 4.4 GHz. Ukiangalia haraka utasema tofauti si ya kutisha. Ila GHz ni idadi ya mapigo kwa sekunde tu. Haikwambii kila pigo linafanya kazi kiasi gani. Kiini, ile sehemu ya prosesa inayofanya hesabu, cha 2011 kilikuwa kinapokea hadi maagizo manne kwa pigo moja. Viini vikubwa vya kizazi cha 12 vinapokea hadi sita, tena vinabashiri vizuri zaidi agizo linalofuata, hivyo havikai bure vikisubiri. Kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, imetoka MB 4 hadi MB 10. Halafu viini vyenyewe: i7 ile ina viwili tu, i3 hii ina sita, viwili vikubwa vya kazi nzito na vinne vidogo vya kazi za pembeni. Na umeme? i7-2620M imepangiwa wati 35. i3-1215U imepangiwa wati 15, ingawa inapanda kwa muda mfupi ikibanwa. Kwa hiyo i3 inafanya kazi nyingi zaidi, haichemki sana, na betri inashukuru.

Kuna jambo jingine ambalo stika haitakwambia kamwe, nalo ndilo lililonitoa kwenye mashine yangu: video. Nilikuwa nafungua somo la mtandaoni, picha ya 1080p ya kawaida kabisa. Baada ya dakika kama mbili feni inaanza kuvuma, kibodi inapata joto upande wa kushoto, sauti inatangulia picha, na kishale cha mausi kinaruka badala ya kuteleza. Nikifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha prosesa inavyofanya kazi, naona prosesa iko asilimia 100. Nikadhani ni virusi, nikasafisha mashine nzima, na haikubadilika kitu.

Sababu ni kwamba video za mtandaoni siku hizi hubanwa kwa mifumo kama VP9 na AV1. Prosesa ya 2011 ina sakiti maalumu ya kufungua H.264, mfumo wa zamani zaidi, lakini haina ya hizo mbili, basi viini vyake viwili vinalazimika kufanya hesabu yote kwa mikono. Intel waliweka ufunguzi kamili wa VP9 kwenye kizazi cha 7, na AV1 kwenye kizazi cha 11. Ndiyo maana i3-1215U inacheza video ileile huku prosesa ikiwa karibu imelala.

Mpangilio wangu

Napanga nikimfikiria mtu wa kawaida: anaandika, ana vichupo ishirini kwenye kivinjari, anahudhuria mikutano ya video, anahariri picha mara mojamoja. Anayecheza michezo mikubwa au kuhariri filamu anahitaji mpangilio mwingine.

1. Ryzen 5 5500U, Ryzen 5 5600U au Core i5-1235U, iliyotumika. Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi kubwa kuliko kwingine kote. Ryzen hizo mbili, za 2021, zina viini sita na nyuzi 12, yaani kila kiini kinashika kazi mbili kwa wakati mmoja. Core i5-1235U ya 2022 ina viini kumi, viwili vikubwa na vinane vidogo. Ukipata yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16, acha kutafuta. Ila kwa AMD, watengenezaji wa Ryzen, uwe macho na majina. 5500U na 5600U zinaonekana ndugu wa tumbo moja, kumbe 5500U imejengwa kwa muundo wa Zen 2 na 5600U kwa Zen 3 ulio mpya zaidi. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye Ryzen 5 7520U. Namba 7 mwanzoni inakufanya uamini ni mpya kuliko zote hizo, lakini kwa Ryzen za 7000 tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja muundo, na hapo ni 2, yaani Zen 2, tena yenye viini vinne tu. Hilo linaniudhi kila nikiliona, kwa sababu mnunuzi hakukosea. Jina ndilo lililompoteza.

2. Core i3-1215U, mpya au karibu mpya. Ukitaka dhamana na betri ambayo haijachoka, hii ndiyo chaguo langu. Hakikisha ina nafasi ya kuongeza RAM, kwa sababu nyingi huuzwa na GB 8, na nyingine zimeunganishiwa RAM kwenye ubao moja kwa moja.

3. Apple M1, iliyotumika. Ilitoka Novemba 2020 ikiwa na viini vinane, na kwenye MacBook Air haina feni kabisa. Kwa utulivu na kudumu kwa chaji, nimeiweka ya tatu kwa shingo upande. Ingekuwa juu zaidi kama si mambo mawili. RAM haiongezwi hata kidogo, ukinunua ya GB 8 utabaki nayo. Na programu za Windows pekee hazitakaa humo kwa urahisi. Kabla hujalipa, muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako, la sivyo unaweza kubeba kifaa kilichofungwa.

4. Kizazi cha 8 cha Intel, kama i5-8250U. Kwa i3, i5 na i7 huu ndio mstari wa chini. Nataka uelewe kwa nini nauchora hapa na siyo kizazi kimoja nyuma. i7-7500U ya 2016 ina viini viwili. i5-8250U iliyofuata mwaka mmoja baadaye ina vinne, kwa wati zilezile 15. Yaani i5 ya kizazi cha 8 ina viini mara mbili ya i7 ya kizazi cha 7. Pili, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, ukiondoa chache sana. Laptopu mbili zinaweza kufanana hadi skrubu, moja ina 7 na nyingine ina 8, na tofauti yake ni miaka ya matumizi.

5. Intel N100. Ya 2023, viini vinne vyote vidogo, wati 6. Inafungua AV1 bila jasho, inatosha kwa kuandika na kusoma. Ukiirundikia kazi nyingi kwa pamoja inachoka.

6. i7 na i5 za kizazi cha 2 hadi cha 7. Usinunue. Kama unayo tayari, soma hadi chini.

7. Celeron N4020 na jamaa zake. Hizi huuzwa mpya, nyembamba, zinang'aa, mara nyingi na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 isiyobadilishika. Viini viwili, nyuzi mbili. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi zinatembezwa sana. Afadhali hata namba 6 iliyowekewa SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda sehemu ya utendaji (Performance). Jina kamili la prosesa liko juu kulia, chini yake kuna kasi, idadi ya viini na nyuzi. Usikubali maelezo ya mdomo wakati skrini ipo.

Kisha cheza video ya 1080p kwa dakika kumi huku dirisha hilo liko wazi. Prosesa nzima kiafya inapanda na kushuka. Ukiona i5-8250U imebanwa na kazi halafu kasi imeanguka chini ya 1.60 GHz na haipandi tena, joto limeizidi: ama feni imejaa vumbi, ama pasta ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, imekauka. Si ugonjwa wa kufa, lakini bei ishuke.

Betri nayo ina cheti chake. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itatengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Ukikuta nusu imekwenda, hesabu kabisa gharama ya betri nyingine.

Kama ya zamani iko mkononi tayari

Badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD. Hakuna kitu kingine kitakachoifufua hivyo. Programu zitafunguka upesi hata kama prosesa haijaguswa. Fikisha RAM GB 8, safisha feni, weka pasta mpya. Kwa video, kuna viongezi vya kivinjari vinavyoilazimisha tovuti itume H.264, na feni itatulia. Kwa usalama, weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, badala ya kung'ang'ania Windows isiyosasishwa.

Yangu ndivyo nilivyoifanya. Iko mezani na Linux, naandikia na kuhifadhia picha za familia, na kwa kazi hizo haijaninyima kitu. Mdogo wangu alikuja likizo na i3 yake ya plastiki. Tukaziweka pamoja, tukafungua somo lilelile kwenye zote mbili. Dakika ya pili akainamisha sikio kwenye yangu, akasikiliza feni, akahamia kwenye yake, akasikiliza tena. "Kaka," akasema, "hii yangu imewaka kweli?"