Uliza unene kabla ya chuma: visu vya kuagiza nilivyovipanga mwenyewe

Karoti mbichi ikikatwa na kisu kizuri haitoi mlio. Kisu kinapita, kipande kinalala ubaoni, basi. Kisu nilichomwagiza fundi anitengenezee mwaka jana kwa shilingi laki tatu na nusu kilipoingia kwenye karoti ulisikika mlio wa kijiti kikavu kikivunjika, na kipande kikarukia chini ya meza. Nacho kilikuwa kikali kweli. Siku kilipofika nilikijaribu kwenye vinyweleo vya mkono na vikanyoleka. Chuma D2, ugumu 61 kwa kipimo cha Rockwell C, mpini wa mpingo uliosuguliwa ukang'aa. Nilikisubiri miezi miwili. Kwenye kitunguu kiliingia vizuri mwanzo, kufika katikati kikakwama, nikawa nakisukuma kwa kiganja cha mkono wa pili kama mtu anayepasua kuni.

Na kweli nilikuwa napasua. Kisu kile kilikuwa kabari.

Mimi napika kwenye shughuli hapa Tanga, harusi na hitima, na pilau ya watu mia mbili inataka vitunguu vingi kabla hata moto haujawashwa. Shughuli ya kwanza baada ya kukinunua, kufika ndoo ya pili kiganja kilikuwa kimeanza kuvimba. Nikakiweka kando nikairudia Victorinox yangu, kisu cha kiwandani cha mpini mweusi wa plastiki, ambayo kila aliyejifunza majina ya vyuma huidharau. Ikapita kwenye vitunguu bila kuhangaika. Kesho yake nikaenda kwa jirani yangu fundi wa injini, nikaazima venia, kile kipimo cha unene cha mafundi, nikapima visu vyote viwili milimita moja juu ya makali. Victorinox: milimita 0.35. Kisu cha laki tatu na nusu: milimita 0.9.

Namba hiyo hutaikuta kwenye tangazo lolote. Utaambiwa jina la chuma, ugumu, urefu, mti wa mpini, hata uzito, na uzito wenyewe unasifiwa. Unene wa pale juu kidogo ya makali hausemwi, na ndio unaoamua kama jioni utalala na mkono mzima. Tangu nilipoanza kulisema hili, dada zangu watatu wa kazi wameniletea visu vyao vya kuagiza nivipime. Viwili vilizidi milimita 0.7.

Sababu yake ni rahisi. Makali yenyewe, yaani ule ukingo unaonolewa, kazi yake ni kufungua njia. Baada ya hapo bapa lote lazima lipite, na chakula lazima kitanuke kulipisha. Nyanya inakubali, nyama inakubali, maana zinapinda. Karoti, kiazi kitamu, boga na muhogo havipindi. Vikisukumwa kwa nguvu vinapasuka mbele ya makali, na kisu kinakuwa kimepasua bila kukata. Ndiyo maana wauzaji hupiga video wakikata nyanya na karatasi. Kisu kinene kikinolewa vizuri kitakata karatasi vizuri tu. Mwambie akate karoti nene ya Lushoto, na sauti iwe imewashwa.

Kama huna venia, tazama ule utepe unaong'aa pembeni ya makali, sehemu iliyopitishwa kwenye jiwe. Kisu kikinolewa kwa nyuzi 15 kila upande, na unene wa pale utepe unapoanzia ukiwa milimita 0.25, utepe utakuwa na upana usiofika hata nusu milimita. Unautafuta kwa kukigeuza kisu kwenye mwanga. Unene ukiwa 0.8, utepe unafika milimita moja na nusu na unaonekana kutoka upande wa pili wa meza. Wanunuzi wengi wanaupenda utepe mpana, wanaona ndiyo dalili ya ukali. Ukiona utepe mpana kwenye kisu kipya cha jikoni, mrudishie mwenyewe.

Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu halionekani siku ya kununua. Kila unaponoa, makali yanapanda juu, na juu ndiko kuliko na unene. Kisu ambacho bapa lake linateremka moja kwa moja toka mgongoni, mgongo ukiwa milimita 2.2 na kimo cha bapa milimita 48, kinanenepa kama milimita 0.04 kwa kila milimita unayoila kwa kunoa. Kisu changu kimechongwa kuanzia nusu ya bapa tu, na mgongo wake ni milimita 3.5, kwa hiyo kinanenepa zaidi ya milimita 0.1 kwa kila milimita. Nikikinoa miaka mitatu nikapoteza milimita tatu, kitakuwa kimefika 1.2. Hiyo ni shoka. Ukikipeleka kwa wale vijana wanaonoa kwa jiwe linalozungushwa na baiskeli unafika huko haraka zaidi, maana jiwe lao linakula chuma kingi kwa mara moja, tena kavu, bila maji. Rangi ya bluu ikitokea kwenye makali, ugumu ulioulipia umeshakwenda.

Sasa orodha ya visu na vyuma vyake.

Nafasi ya kwanza nakipa kisu ambacho hakuna fundi wa kuagizwa aliyekitengeneza: Victorinox ya sentimita 20, ile ya mpini wa Fibrox. Naipenda kampuni hii na sitajifanya sina upande. Wako Ibach nchini Uswisi tangu 1884. Chuma chao ni X50CrMoV15, kaboni karibu asilimia 0.5 na kromiamu karibu asilimia 15, ugumu 55 au 56 tu. Kwenye karatasi ni chuma cha kawaida kabisa. Lakini bapa lake limekatwa kutoka kwenye bamba jembamba na kuchongwa toka mgongoni hadi chini, na wembamba huo unaishinda kaboni yote ya D2 yangu. Kinapoteza ukali mapema, kweli. Mimi hukipitisha kwenye kinoo kila baada ya shughuli, dakika tano, na kinarudi. Limau, ukwaju, upepo wa bahari, havijakitia doa. Nakiweka cha kwanza kwa sababu kisu chochote cha kuagiza lazima kwanza kikishinde hiki kwenye karoti. Visu vingi vya kuagiza nilivyovishika havikishindi.

Ukiwa umeamua kuagiza hata hivyo, nafasi ya pili ni chuma cha AEB-L cha kiwanda cha Uddeholm cha Uswidi. Kilibuniwa kwa ajili ya nyembe za kunyolea, na hilo linakueleza karibu kila kitu. Kina kaboni karibu asilimia 0.67 na kromiamu karibu 13. Ndani ya chuma cha pua cha visu kuna punje ngumu zinazotokana na kaboni kushikana na kromiamu au madini mengine. Za AEB-L ni ndogo sana, kama unga uliochekechwa, kwa hiyo makali yake yanaweza kufanywa membamba sana bila kumeguka, hata kwa ugumu wa 60 hadi 62. Na kwa kuwa kaboni yake si nyingi, kromiamu kubwa inabaki huru kupigana na kutu. Huku pwani hilo ni jambo la kila siku. Fundi akisema hana AEB-L ila ana 14C28N, nacho ni cha Uswidi, mkubalie. Ni ndugu wa karibu, ameongezewa naitrojeni kidogo, na kutu anaiweza vizuri zaidi.

Nafasi ya tatu ni 52100, chuma cha beringi. Kina kaboni asilimia moja na kromiamu moja na nusu tu. Kinanoleka kwa raha ambayo vyuma visivyoshika kutu havikupi, na makali yake ni mazuri mno. Kama unaishi Iringa au Arusha, unapika peke yako na unakausha kisu kabla hujakiweka chini, agiza hiki bila wasiwasi. Mimi nina wasaidizi wanne na karai moja la kuoshea. Kisu cha 52100 kikisahaulika humo na maganda ya ndimu usiku mmoja, asubuhi kina madoa ya rangi ya chungwa. Vyuma vya Kijapani vya Yasugi, vile vinavyoitwa cheupe na cha bluu, viko fungu hilihili. Majina yanatokana na rangi ya karatasi inayofungiwa chuma kiwandani, rangi ya kisu haihusiki.

VG-10 ya Kijapani naiweka ya nne, na najua kuna watakaokasirika. Chuma ni kizuri, na kampuni ya Tojiro ya Niigata, Japani, wanakitengenezea visu vyembamba kwa bei ya haki. Ila kwa ugumu wa 60 na mikono ya watu wengi, nimeviona vikimeguka vipande vidogo kwenye makali, kwa mfupa wa nguru, kwa ubao mgumu, kwa mtu aliyepindisha mkono akibanja kitunguu saumu. Kama jikoni unaingia wewe tu, kipandishe hadi ya pili.

Ya mwisho ni D2. Hiki kilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vya viwandani vya kukatia na kubonyeza chuma kingine. Kaboni yake ni asilimia moja na nusu, kromiamu karibu 12, na wauzaji wanaitaja hiyo 12 kama dawa ya kutu. Sehemu kubwa ya kromiamu hiyo imeshikwa na kaboni ndani ya zile punje, haipo huru, kwa hiyo kinashika kutu. Na punje zake ni kubwa, kama kokoto kwenye zege. Fundi anaogopa kukichonga chembamba kwa sababu makali membamba yatamomonyoka kokoto zikitoka, ndipo anakuachia 0.9. Kwa kisu cha porini sawa. Kwa kachumbari hapana.

Visu vya bei ya chini nitavitaja mara moja. Kiwi ya Thailand ni nyembamba, laini, na ni ya halali kwa pesa yake. Visu vya wahunzi wetu vya spring za gari ni vizuri kwa kuchinja na kuparua. Kwa jikoni mwombe mhunzi akupunguzie unene nusu nzima, kama atakubali.

Na sasa bei. Mtu anakuuzia kisu cha mawimbi-mawimbi, wanaita Damascus, mara mbili ya bei, na mawimbi yale hayagusi karoti kabla ya ukingo mmoja wa chuma cha katikati kuigusa. Vingine ni mchoro wa asidi juu ya bamba la kawaida. Unalipia mti wa mpini, unalipia sanduku, unalipia jina la chuma, unatoa nusu ya pesa mapema, na ukiuliza namba moja ya unene unaambiwa, "Dada, hiki ni kisu cha uhakika, kizito." Nilipomwandikia fundi aliyenitengenezea, kwa adabu zote, kwamba bapa ni nene, alinijibu kwamba visu vyembamba vinavunjika. Vinavunjika kwa mtu anayepasulia nazi na mifupa ya mbuzi. Kwa kazi hizo nina panga, na kila jiko la Tanga lina panga. Mpishi anayelipa laki tatu na nusu anajua hilo. Pesa zile zilikuwa za shughuli tatu.

Kwa hiyo ukiagiza, andika hivi kabla ya kutuma hata shilingi: urefu wa bapa sentimita 21, kimo kwenye kisigino, yaani mwisho wa bapa karibu na mpini, milimita 48, mgongo milimita 2.2 pale karibu na mpini ukipungua hadi moja karibu na ncha, bapa lichongwe kuanzia mgongoni na lisianzie nusu. Unene milimita moja juu ya makali usizidi 0.25 kwa AEB-L, au 0.35 kama mko wengi jikoni. Makali nyuzi 15 kila upande, ugumu 61. Dai picha iliyopigwa kutoka kwenye kisigino, kisu kikitazamwa kwa urefu wake, makali chini, ili umbo la kabari lionekane. Picha za ubavuni hazikuambii kitu. Anayekataa kukutumia picha hiyo, muage kwa heri.

Kisu changu sijakitupa. Kwa wiki tatu sasa, baada ya Isha, nakilaza bapa juu ya jiwe la namba 220, bakuli la maji pembeni, nakisugua upande mmoja mara mia, nakigeuza. D2 haiishi haraka. Mng'aro wake wote umekwenda, ubavu una mikwaruzo kama sufuria ya zamani. Jana nilirudi kwa fundi wa injini na kupima: milimita 0.5. Karoti bado inatoa mlio, mdogo, mwishoni tu. Leo usiku naendelea.