TAHADHARI GOMA: moteri 1HZ "haijafunguliwa" ni uongo mtupu, msitoe pesa

Ndugu wa garaji na wenye Land Cruiser za zamani, someni hii kabla ya kwenda kununua. Ile 1HZ (moteri ya dizeli ya Toyota, silinda sita) iliyofungwa kwenye HJ60 (Land Cruiser ya zamani) ya Papa, mzee wa mtaa wa Himbi, ni takataka iliyopakwa rangi. Dola 2,600 za mzee zimekwenda. Na yule mwizi aliyemuuzia bado yuko dukani kwake. Leo asubuhi amepanga nyingine mbili kando ya barabara, rangi ya fedha ileile.

Jina silitaji. Wanaomjua wanamjua.

Najua wengine watasema sisi watu wa garaji tuliokwenda na mzee tulidanganywaje. Basi sikilizeni alivyofanya. Moteri ilikuwa juu ya meza ya vyuma, radiateri imefungwa, betri mbili zimeungwa kwa 24 V, kidumu cha mazutu (dizeli) kimening'inizwa juu kwa kamba. Akapiga demarere (stata), ikashika papo hapo. Sauti nzito, tulivu, hakuna chuma kinachogonga. Mshale wa presha ya mafuta uko juu. Akasema: "Papa, skia mwenyewe. Hii haiyafunguliwa hata siku moya, imetoka Japan na kontena." Akaizima, akafungua buji zote sita (plagi za kupasha), akachukua bireti ya mafuta (kikopo chenye mdomo mwembamba) na kuingiza mdomo wake katika kila tundu, kidogo tu, eti analainisha nyuzi na kutoa masizi. Halafu akaleta manometa ya dizeli (kipimo cha presha ndani ya silinda), ile ya kweli inayopanda hadi zaidi ya bar 40, akapima silinda moja moja mbele ya watu wote na kuandika kwa chaki juu ya kulasi (kichwa cha moteri): 36, 36, 35, 36, 36, 35.

Nani angekataa? Muuzaji wa moteri mbovu hakubali manometa isogee karibu. Huyu aliileta mwenyewe. Akatoa faktire (ankara) yenye muhuri na garanti ya miezi 3. Akamwita mzee "Papa", akampa kiti. Ndiyo maana inauma.

Wizi wote ulikuwa ndani ya ile bireti. 1HZ ina cc 4,164 na ukandamizaji wa 22.4 kwa 1. Pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki katika kila silinda ni kama cc 32 tu. Ukimwaga mafuta cc 5, kijiko kimoja cha chai, umeshakula karibu moja ya sita ya nafasi hiyo, na mafuta yenyewe yanaziba pale segma (ringi za pistoni) zilizokwisha zinapovujisha. Kwa hiyo silinda iliyochoka inasoma kama mpya, na zote sita zinalingana vizuri kupita kiasi.

Tena 36 yenyewe ni namba ya moteri mpya iliyo usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1,500 juu, na presha ya hewa ya hapa haifiki asilimia 85 ya ile ya Mombasa. 1HZ nzima kabisa ikipimwa hapa itaonyesha kama 30. Akikuonyesha 36 hapa Goma, ama manometa imeharibiwa ama kuna mafuta ndani. Hakuna njia ya tatu.

Karteri (bakuli la mafuta chini ya moteri) ilipofunguliwa, mafuta yalitoka yakivutika kama asali, na yananuka kiberiti. Hayo ni mafuta ya diferansieli (difu), namba 140. Aliyaweka ili yafunike mgongano wa kusineti (beringi za krenki) na kuinua mshale wa presha. Yakipata moto wa kazi yanalegea, na kugonga kunaanza. Silinda ambazo kiwandani ni milimita 94.00 zilipimwa 94.40 sehemu ya juu. Kulasi imepasuka kati ya valvu mbili za silinda ya 4, ufa umejazwa gundi ya chuma na kusuguliwa. Gundi hiyo haivumilii joto la mahali pale hata kidogo, ndiyo sababu radiateri ilianza kutoa mapovu kwenye mlima wa kwanza.

Alipopigiwa simu kuhusu moshi wa buluu, alijibu: "Ni hewa ya Goma, Papa, tuko juu sana." Uongo wa mchana! Hewa nyepesi inaleta moshi mweusi, kwa sababu pompi inapeleka mazutu mengi kuliko hewa iliyopo. Unapunguza pompi, moshi unapungua. Moshi wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Urefu wa mlima hautengenezi moshi wa buluu.

Na hakutosheka. Kati ya malipo na kuipakia moteri garini, alibadilisha demarere na solenoidi ya pompi (vali ya umeme inayofungua mazutu). Iliyowashwa dukani ilikuwa ya 24 V, iliyofika ina vya 12 V. HJ60 hii ni ya 24 V. Koili ya solenoidi iliungua siku ileile, na demarere ikafuata. Hata kloshi (kifuniko kinachounga moteri na giaboksi) aliyoahidi ni ya gari lingine. Kloshi ya 2H (moteri ya asili ya HJ60) haikubali 1HZ. Bila kloshi ya HZJ75 (Land Cruiser iliyotoka kiwandani na 1HZ) bwati (giaboksi) ya zamani ya mwendo mitano haiungi, na karteri ya 1HZ iliyotoka kwenye HZJ80 (Land Cruiser nyingine) ina umbo tofauti, haikai vizuri chini ya gari la resori za majani (springi za bapa) kama hili.

Mtu kama huyu asiachwe. Akifunga duka hapa atafungua Bukavu. Hii ni eskrokeri (utapeli), kifungu cha 98 cha kanuni ya adhabu ya Kongo, na adhabu yake ni jela, si kuombana msamaha barazani. Arudishe pesa ya mzee yote, alipe usafiri, alipe jointi (gasketi), alipe siku za mafundi. Moteri zake zote zichukuliwe zifunguliwe hadharani, watu waone. Mzee wa miaka ile anauza ng'ombe ili gari litembee, halafu kijana anamjazia mafuta ya diferansieli!

Kwa mwenye kulazimika kununua wiki hii: weka mkono kwenye bomba la moshi kabla haijawashwa. Ile ilikuwa vuguvugu tulipofika, maana yake iliwashwa mapema ili isionekane inavyosumbuka baridi. Chomoa mafuta yote, weka 15W-40 yako, karibu lita 10. Pima ukandamizaji kwa manometa yako, mtu asiguse matundu, kisha iende dakika 10 na upime tena. Tofauti ya silinda ikizidi bar 5, ondoka. Rangi ikiwa juu ya mipira na juu ya namba ya moteri, ondoka. Namba ni 1HZ na tarakimu 7, zimekaa mstari mmoja. Hii ya kwetu ilikuwa na 7 iliyolala. Piga alama ya ponsi (chuma chenye ncha) kwenye pompi na demarere kabla ya kulipa. Mkanda wa distribisyo (taimingi) badilisha bila kuuliza, ukikatika valvu zinagonga pistoni.

Na wenye 2H ambayo bloki yake haijapasuka: itengenezeni hiyohiyo. Ina gia mahali pa mkanda, kloshi yake ipo, volti zake zinalingana. Nguvu ni ndogo, lakini unajua ulichonacho.

Aliyenunua kwake na ana faktire yenye muhuri uleule, aipige picha pamoja na namba ya moteri, atutumie hapa kabla ya Jumatatu. Tunapeleka malalamiko kwa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) pamoja, na moteri iliyofunguliwa iko garajini, kulasi mezani, ufa unaonekana kwa macho.