Walinishushia Volkswagen yangu, wakakataa kunijibu swali moja

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike. Naona haipoi, basi naandika nayo hivyo hivyo. Gereji sitaitaja jina. Ipo hapa Dar es Salaam, na wenye magari ya zamani wengi wameshapita pale au wameambiwa wapite pale. Mimi pia niliambiwa. "Nenda kwa wale jamaa, Beetle ndiyo kazi yao." Nikaenda.

Gari lenyewe ni Beetle 1200 ya mwaka 1972, rangi ya krimu, nililinunua kwa mwalimu mstaafu kule Moshi aliyelitunza kuliko watu wanavyotunza nyumba. Lilikuwa limesimama juu, hasa mbele, kama lilivyotoka kiwandani. Nilitaka lishuke kiasi cha sentimita 5, mbele zaidi ya nyuma kidogo, basi. Kabla hamjaanza kuniuliza kwa nini nishushe gari kwenye barabara zetu hizi: najua historia yake. Najua Volkswagen hizi zilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, matope juu ya matope, na kusimama kwake juu kulisaidia. Lakini gari langu haliendi mbio za Safari. Linakwenda kazini na linakwenda Bagamoyo Jumapili, na mimi napenda linavyoonekana likiwa limeinama. Hilo ni langu na sihitaji ruhusa ya mtu.

Sasa, ili mwelewe kwa nini nimekasirika hivi, lazima nieleze kitu kimoja. Beetle ya aina hii haina springi za kuzunguka ambazo fundi anazikata kwa msumeno na kukurudishia gari jioni. Inatumia tosheni, ule mfumo ambao ofisi ya Ferdinand Porsche iliuandikia hataza mwaka 1931. Mbele kuna mirija miwili imelala kwa upana wa gari, ndani yake kuna mabapa ya chuma yamefungwa pamoja, yanajisokota kila tairi linapopanda. Nyuma, kila upande una chuma kimoja cha mviringo, kimejificha ndani ya mrija chini ya kiti cha nyuma. Chuma hicho kina meno ncha zote mbili: 40 upande wa ndani, 44 upande wa nje. Ukizungusha jino moja la ndani, umebadilisha nyuzi 9. Ukizungusha moja la nje, nyuzi 8 na kidogo. Ukizungusha la ndani huku na la nje kule, unapata tofauti ndogo kabisa, haifiki hata nyuzi 1. Ndiyo maana gari hili linaweza kupangwa kwa usahihi hadi ukashangaa, mradi anayelipanga anahesabu na anapima pembe ya lile bati la nyuma, linalounganisha chuma hicho na ekseli, kwa kifaa, kushoto na kulia.

Kwa hiyo fundi yeyote aliyeshusha Beetle nyuma ana swali moja ambalo hawezi kukosa jibu lake: umezungusha meno mangapi, kila upande?

Hilo ndilo swali nililouliza.

Siku ya kuchukua gari nilifika nikalikuta limeshapangwa nje, limeoshwa. Kusema kweli moyo ulinienda mbio. Mbele limelala, taa zake za duara zinatazama chini kidogo, bampa lipo karibu na ardhi bila kuonekana limeanguka. Nilizunguka nyuma kwa furaha, na hapo furaha ikakatika. Upande wa kushoto ulikuwa chini kuliko wa kulia. Si kwa kuhisi. Nikaweka mkono kati ya tairi na digadi upande wa kulia, nikaweka upande wa kushoto, tofauti ilikuwa kama vidole vitatu. Sakafu ya pale ni zege iliyosawazishwa vizuri tu.

Nikamuita fundi mkuu. Nikamuuliza kwa adabu kabisa: "Fundi, huku nyuma umezungusha meno mangapi kila upande?"

Hakuniangalia usoni. Aliangalia nyuma yangu, kama kuna mtu nimekuja naye. Akasema, "Dada, shemeji yuko wapi?"

Nikamwambia shemeji hahusiki, gari ni langu, nijibu swali langu.

"Sawa, lakini mwambie aje. Haya mambo ya chini ya gari tutaongea naye. Wewe utachanganyikiwa bure."

Vijana waliokuwa wanabadilisha klachi ya Hiace pembeni wakacheka. Nikarudia swali. Akafuta mikono kwenye ovaroli, akasema neno ambalo hadi leo likinijia nikiwa naendesha nabana usukani: "Itakaa yenyewe. Ikitembea tembea itajilaza sawa."

Tosheni haijilazi sawa. Meno hayahami yenyewe. Chuma kikishakaa kwenye meno yake kimekaa, mpaka mtu akitoe kwa mikono yake. Hata anayejifunza kazi wiki ya kwanza anaambiwa hivyo. Mtu huyu ama hakujua, ama alijua na akaona mimi ndiye wa kudanganywa. Sijui lipi baya zaidi. Nililipa salio la ile bei yao ya shilingi 450,000 kwa sababu gari lilikuwa ndani ya geti lao na ufunguo mkononi mwao.

Niwe mkweli kwa jambo moja hapa, kwa sababu sipendi kumchafua asiyehusika. Kazi ya mbele ni nzuri. Ile bimu ya mbele, yaani ile mirija miwili, ili uweze kuishusha kwa kipimo unachotaka, yote miwili inakatwa katikati na kuchomelewa adjasta, kifaa cha kurekebisha kimo. Ukichoma kwa moto mwingi bila kupumzisha, mrija unapinda na bimu nzima ni ya kutupa. Kuna kijana pale alifanya kazi hiyo, na nimelala chini ya gari na tochi ya simu nikaikagua: mshono mwembamba, umelingana kuzunguka mrija mzima, hakuna sehemu iliyosagwa ili kuficha uchafu. Yule kijana hakucheka siku ile. Wakati natoka alinisogelea dirishani akasema kwa sauti ya chini, "Dada, yale ya nyuma sikuyafanya mimi." Mdogo wangu, popote ulipo, kazi yako imesimama. Toka hapo ukafungue ya kwako, nitakuwa mteja wako.

Kwa ajili yake nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu. Nilishaanza hata kuandika.

Halafu ikaja Bunju.

Hii ilikuwa mwishoni mwa masika. Nilikuwa na mama mdogo kiti cha nyuma, tunapita Bunju kuelekea Bagamoyo. Toka siku ya kwanza gari lilikuwa linagonga nyuma kushoto kwenye kila tuta, ekseli inafika kwenye mpira wake wa kuizuia, gwa, wakati kulia kunapita kimya. Na usukani, ukifika kilomita 80, ulikuwa mwepesi mno, gari linatafuta njia. Hilo la usukani nililijua sababu: mbele ikishushwa kuliko nyuma, bimu inabadilisha mlalo wake, na dawa yake ni vipande vyembamba vya chuma vinavyowekwa nyuma ya mrija wa chini. Vipande vya bei ya chakula cha mchana. Hawakuweka. Kwa hiyo nilikuwa naenda polepole. Tukapita tuta la mbele ya shule, nyuma ikagonga, na mita chache mbele tairi la kushoto likapasuka.

Niliposhuka na kuliangalia, upande wa nje lilikuwa zima, bado lina mistari yake yote. Nikapitisha mkono upande wa ndani nikauondoa haraka, nyaya zilinichoma vidole. Lilikuwa limeliwa hadi nyaya za ndani, ukanda mzima, wakati usoni linaonekana jipya. Hivyo ndivyo ekseli za Beetle hizi zinavyofanya: zikishuka, tairi linainama kwa ndani juu, linatembelea ukingo mmoja. Ukishusha lazima upange upya na alaimenti ya nyuma, kwa sababu lile bati lina matundu marefu pale linapofungwa na ekseli, limetengenezwa hivyo makusudi ili kusogezwa mbele na nyuma. Watu wanasema Beetle haina alaimenti ya nyuma. Inayo. Mama mdogo alikuwa amesimama pembeni na kanga yake kichwani kwa ajili ya jua, ananiuliza kama gari limekufa. Malori ya kokoto yanapita kasi karibu naye kabisa. Mimi nawaza jambo moja tu: ingekuwaje kama lingepasuka kwenye ule mteremko tulioupita.

Gari lilivutwa hadi Ilala kwa mzee mmoja ambaye amefanya Volkswagen tangu nikiwa sijazaliwa. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwambia pia nililouliza kule na nilivyojibiwa. Hakusema neno. Alifungua nyuma kushoto, akaweka jeki chini ya bati na kulishusha taratibu kutoka kwenye kishikio chake, maana lile bati limebeba nguvu ya kumvunja mtu mkono. Akachomoa chuma. Akachukua kitambaa, akafuta grisi kwenye ncha ya nje, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mwanangu, njoo uone mwenyewe."

Kwenye ncha ya chuma kilichotoka upande wa kushoto kulikuwa na herufi R.

Akaenda kulia, akafungua, akafuta. L.

Walivibadilisha. Vyuma hivi si pacha hata kama vinafanana kwa macho. Kiwandani kila kimoja kimeshasokotwa kuelekea upande wake kabla hakijafungwa kwenye gari, ndiyo maana vimegongwa herufi. Ukikiweka upande usio wake unakisokota kinyume na alivyokiandaa aliyekitengeneza, kinalegea, gari linazidi kukaa chini, na mwisho wake kinaweza kukatika. Juu ya hapo, mzee alipopima pembe, kushoto kulikuwa na jino zima la nje zaidi ya kulia. Jino zima. Vile vidole vitatu nilivyovipima kwa mkono wangu pale kwenye zege lao, ndivyo hivyo.

Mzee alihesabu kwa sauti, akanipa chaki nikaandika sakafuni: kushoto ndani ngapi, nje ngapi, kulia ndani ngapi, nje ngapi. Kila alipogeuza aliniita nisome kipimo mwenyewe. Nilikaribia kulia, si kwa uchungu wa gari, kwa kuona jinsi lilivyokuwa jambo rahisi kumjibu mtu.

Niliipigia gereji simu. Nikawatumia na picha za zile herufi. Fundi mkuu akanijibu kwamba hizo herufi hazina maana yoyote, ni alama za kiwandani tu, na kwamba "huyo mzee anatafuta hela." Kisha akaongeza: "Mwambie bwana ako anipigie tumalize." Nikamuuliza tena kwenye simu ile ile: ulizungusha meno mangapi? Akakata.

Kuna watu wameniambia nimezidisha, kwamba wale ni mafundi wazuri, wamewashushia magari yao na hayana shida. Inawezekana. Nimeliona gari moja lililotoka pale, limekaa sawa kabisa, na mwenyewe ni kaka mmoja mstaarabu ambaye hana sababu ya kunidanganya. Labda siku yake walihesabu. Labda yeye alijibiwa alipouliza. Ukiniuliza kama wanajua kazi, nitakwambia yupo anayejua, nimeuona mshono wake. Nilipofika hapa nilitaka kusema nendeni, ila msimamieni fundi kwa karibu.

Hapana. Nafuta. Msiende. Mimi nilisimama karibu, nilipima, niliuliza swali sahihi mapema kabla tairi halijapasuka, na nikaambiwa nikamlete mwanamume. Kusimama kwangu karibu hakukunisaidia kitu. Mtu aliyekataa kunijibu kwa sababu ya nguo niliyovaa ndiye huyo huyo aliyefunga chuma cha kulia kushoto, na sitamtenganisha na kazi yake. Nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana wa kuchomelea.

Beetle sasa imeshuka sawa pande zote, vile vipande vya bimu vimewekwa, mpira wa nyuma haugongi, na hata kilomita 90 usukani umetulia. Ni nzuri mno, nikiiegesha watu wanasimama. Yote hayo ni kazi ya mzee wa Ilala, kwa chini ya nusu ya bei yao.

Zile 450,000 bado nazidai, pamoja na bei ya tairi. Nimewapelekea barua kwa mkono, imesainiwa ilipopokelewa, na nimeandika jina langu peke yangu kama mwenye gari.